Kipimo cha ugumu wa tezi ya thyroid (iliyo shingoni) kinatosha kuthibitisha Hashimoto?

Dada, umesema TSH yako (homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi) imepanda, shingo imevimba kidogo, na daktari anataka ufanyiwe elastografia. Unauliza kama ndiyo itakayotoa jibu. Peke yake, hapana. Ni altrasaundi ileile, haina sindano wala mionzi, ila mashine hupima pia ugumu wa tezi: mawimbi yakipita kwa kasi, tishu ni ngumu. Katika Hashimoto, ugonjwa wenye jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, chembe za kinga huivamia tezi na kuacha makovu, ndiyo maana mara nyingi hukakamaa. Shida ni kwamba tezi yenye ugonjwa wa Graves (ambapo kinga huifanya itoe homoni kupita kiasi) nayo huweza kukakamaa, na namba hutofautiana kati ya mashine na mashine, hata mtaalamu akikandamiza shingo kupita kiasi (usione haya kumwambia apunguze).

Mimi ningeanza na damu: TSH, T4 huru (homoni ya tezi yenyewe) na kingamwili za TPO (zinazoishambulia tezi). Hizo za mwisho zikiwa juu, kwa wengi jibu limeshapatikana. Elastografia husaidia zaidi pale kingamwili hazionekani ilhali dalili zipo, au kuna kinundu. Muulize daktari anatafuta kipi kati ya hivyo.