Kuwatisha vijana hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama kuwaonyesha wanafunzi picha za mateja kunawazuia kugusa dawa za kulevya. Kwa kifupi, ni kidogo mno. Marekani ilianzisha DARE, mpango wa kuwafundisha wanafunzi kuepuka dawa za kulevya, mwaka 1983, polisi wakawa wanaingia madarasani kufundisha. Watafiti walipowafuatilia, waliopitia mafunzo hayo hawakuwa tofauti sana na wenzao.

Kilicholeta mabadiliko ni mazingira. Aisilandi mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. 2016 wakabaki asilimia 5. Wazazi waliwekeana makubaliano watoto wasizurure usiku, manispaa zikachangia ada za michezo na muziki, na wanafunzi wakajaza dodoso mara kwa mara, kila eneo likipewa majibu yake haraka.

Halafu usilitenganishe suala la dawa za kulevya na afya ya akili. Takriban theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 14, kwa hiyo semina ya kidato cha nne imechelewa. Kijana akikwambia anavuta bangi apate usingizi, muulize kwanza usingizi ulianza kupotea lini.