Kuuza gari ya kuvuta tairi zote nne bila kulaliwa bei

Mkuu, unasema gari umeitunza vizuri ila kila anayekuja anataka kwa bei ya kutupa, ufanyeje. Naona hayo matunzo hujawaonyesha. Toa risiti zote za sevisi, hasa za oili ya gia boksi na difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi), maana kwa gari za hivi mnunuzi anaogopa hapo kuliko hata injini. Halafu cheki tairi, zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, mjuzi akikuta mbili mpya na mbili kipara anajua difu na mfumo wa kugawa nguvu vimekuwa vikilazimishwa kwa sababu tairi zinazunguka kwa spidi tofauti, hapo bei inashuka hata kama umepiga polishi mpaka inang'aa. Injini usiioshe siku ya kuonyesha, watahisi unaficha oili inayovuja. Iache ipoe kabisa mteja aiwashe mwenyewe, kisha akate kona kali taratibu mpaka mwisho wa usukani, kama haigongi wala haikabi mjadala unakuwa mfupi. Kasoro ndogo zitaje mwenyewe mapema. Na wale wa kuuliza "bei ya mwisho" kwenye simu hata gari hawajaiona, wapotezee tu.