Viungo na Maumivu: Je, Nirudi kwa Mkandaji?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mchuuzi wa omena katika soko la Kibuye, nina umri wa miaka 46. Tangu mwaka jana kiuno kinaniuma, hasa asubuhi na ninapotua karai. Kuna mzee anayenikanda na kuukunja mgongo mpaka uti ulie. Nikitoka kwake huwa mwepesi kwa siku mbili, kisha maumivu yanarejea. Nilipigwa picha ya MRI, nikaambiwa diski moja imechomoza na kwamba nivae mshipi wa kiunoni. Je, niendelee kukandwa?
Mama Omena, Kisumu

JIBU: Mama, pole sana. Nafuu unayoipata kwa mzee huyo ni ya kweli, na asikwambie mtu kwamba unajidanganya. Misuli iliyokaza inapokandwa, neva hupeleka ubongoni hisia nyingine ambazo hupunguza makali ya maumivu, na misuli yenyewe hulegea kwa muda. Hata hivyo, diski, yaani kile kijito laini kilicho kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, hairudishwi ndani kwa kukandwa, na mlio unaousikia si wa mfupa unaorudi mahali pake, bali ni wa gesi inayojitenga ghafla na majimaji ya kiungo pindi kiungo hicho kinapovutwa. Ndiyo maana nafuu hiyo haidumu: maumivu yametulia, lakini nguvu za kiuno chako ni zilezile, na karai linalokungoja sokoni lina uzito uleule.

Picha ya MRI isikuvunje moyo. Watu wasio na maumivu yoyote wamewahi kupigwa picha kama hizo, na diski zilizochomoza zikaonekana kwa karibu nusu ya wenye umri wa miaka 40 na asilimia 60 ya wenye miaka 50. Isitoshe, diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe kadiri miezi inavyopita. Huhuzunika ninapoona watu wakiacha kuinama, kutembea na hata kubeba watoto wao kwa sababu ya karatasi ya majibu, ilhali kutojisogeza ndiko kunakowadhoofisha zaidi.

Mshipi nao uuweke kando. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, haupendekezi mishipi wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na unakubali kukandwa kuwa sehemu ya matibabu hayo. Kwa hiyo sikukatazi kwenda kwa mzee, mradi akande misuli bila kukukunja kwa nguvu, nawe uitumie nafuu ya siku hizo mbili kufanya mazoezi badala ya kuikalia.

Zoezi la kwanza ni kutembea. Nchini Australia, watu waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno walifundishwa na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kutembea hatua kwa hatua hadi kufikia dakika 30, siku tano kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba kwa kawaida walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurejea, ilhali wenzao ambao hawakupewa mpango huo walikaa siku 112. Wewe bado unaumwa, kwa hiyo anza na mwendo wa dakika kumi asubuhi, kwa kasi unayoimudu, uongeze kidogo kila wiki. Jioni lala chali, kunja magoti, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, kisha inua makalio taratibu hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke, ushikilie kwa pumzi mbili au tatu, halafu ushuke polepole. Rudia mara kumi. Misuli ikivuta kidogo, hilo si neno. Maumivu yakishuka mguuni na kuzidi, pumzika na utafute mtaalamu akurekebishe.

Sasa karai. Umeandika kwamba unaumia unapolitua, nami naamini hapo ndipo pa kuanzia. Usilitue chini moja kwa moja ukiwa peke yako. Tafuta meza au kreti mbili zilizopandanishwa hadi kimo cha kiuno, mwombe jirani yako sokoni ashike upande mmoja kama anavyokushikia anapokutwisha, ukunje magoti na nyonga, na karai lipite karibu na kifua. Ukiweza, gawa mzigo mara mbili.

Jambo moja halingoji mazoezi. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile, ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda bila sababu, usikandwe kabla ya kupimwa, kwa maana kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo. Kwako hapo, Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia, ina idara ya fiziotherapia.

SWALI: Baba yetu alipata kiharusi na upande wa kushoto umelegea. Tumemleta mkandaji ambaye kila jioni huuvuta mkono huo kwa mafuta ya moto. Sasa bega linamuuma hadi halali. Je, tuongeze siku za kukandwa?
Kijana wa Bahati, Nakuru

JIBU: La, kijana wangu. Acheni kuuvuta mkono huo leo. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kikombe cha bega kisicho na kina, na kinachokishikilia hapo hasa ni misuli. Kiharusi kikiilegeza misuli hiyo, uzito wa mkono peke yake hutosha kuushusha mfupa, na anayeuvuta huzidisha madhara. Mafuta ya moto nayo ni hatari kwa sababu upande ulioathirika huenda usihisi joto, akaungua bila kujua.

Baba akiketi, mkono wake ulale juu ya mto. Mnapomwinua, msimshike kwapani wala msimvute mkono. Mnapomvisha shati, anzeni na mkono dhaifu. Kinachorudisha uwezo ni kurudiarudia vitendo vyenye maana kwake, kama vile kukifikia kikombe, kukunja taulo au kusimama kutoka kitini, mara nyingi kila siku. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka, kwa hiyo mpelekeni mapema katika hospitali kuu ya kaunti, ile inayojulikana kama PGH, bega likaguliwe na mfundishwe namna ya kumsaidia nyumbani. Dawa za shinikizo la damu zisikatizwe.

SWALI: Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hukanda mabega, kisha huizungusha shingo kwa ghafla mpaka ilie. Kuna ubaya?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Kukandwa mabega hakuna ubaya. Kuzungushwa shingo kwa ghafla kukatae, na umwambie kabla hajaanza kunyoa. Mishipa miwili ya damu inayokwenda ubongoni hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na mzunguko wa ghafla unaweza kuichana na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Hilo hutokea kwa nadra, lakini sioni sababu ya kulihatarisha kwa ajili ya mlio. Shingo ikikuuma, muone mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, naye atakuchunguza kabla ya kukugusa. Na iwapo umewahi kuzungushwa kisha ukapata kizunguzungu, maumivu makali ya shingo au kichwa usiyoyazoea, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja na uwaeleze kwamba shingo yako ilizungushwa.