Begi la dharura: lijaribu usiku, umeme ukiwa umezimwa, kabla masika hayajaanza

Mkuu, umeeleza kwamba umenunua tochi ya kuchaji, pawabenki, mtungi mdogo wa kuzimia moto, vidonge vya kusafishia maji, mfuko wa kutunzia nyaraka na jenereta dogo, vyote vipo stoo vinasubiri masika, na unauliza kama kuna kilichopungua. Jibu langu ni kwamba usinunue kingine kwanza. Vitoe hivyo ulivyonavyo uvijaribu, na mwenye kuvijaribu asiwe wewe peke yako.

Mimi naishi Kigogo, upande wa bonde la Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji ya Msimbazi hayapandi kwa kusubiri ujiandae. Mvua inaweza kuwa inapiga Pugu na Kisarawe, mto unakoanzia, huku kwetu manyunyu tu, kisha mto ukaja umejaa. Umeme ukikatika muda huohuo, kila kilichomo kwenye begi kitashikwa gizani na mtu mwenye hofu, pengine baba hayupo. Ndiyo maana jaribio la mchana, sebuleni, mikononi mwa aliyenunua, halikuambii kitu.

Kwetu tunafanya hivi: mwelekeo wa mvua za masika ukishatolewa na TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, tunachagua usiku mmoja, nazima meni swichi bila kutangaza saa, kisha nakaa kimya. Sielekezi, sisaidii. Watoto na mama yangu mzazi wanatafuta begi, wanawasha tochi, wanafungua mlango wa nyuma na kutoka.

Utashangaa kitakachojitokeza. Tochi yetu ina kitufe cha mpira kilichozama ndani. Kidole cha kijana kinakibonyeza vizuri, cha mama chenye baridi yabisi hakifiki. Halafu ukibonyeza mara ya pili inaanza kumwekamweka, na mama akadhani imeharibika akaiweka chini. Tochi ilikuwa nzima kabisa, mwanga mkali, lakini kwake haikuwa na faida. Tukamtafutia ya swichi ya kusukuma. Kama yako ni ya kuchaji, ijaze chaji, iache mwezi mzima bila kuigusa, ndipo uiwashe uone inadumu saa ngapi. Za betri za kawaida zihifadhiwe betri zikiwa nje, maana betri ikivuja inakula vyuma vya ndani.

Usiku huohuo ndio mtoto alipofika kwenye geti la nondo la mlango wa nyuma, kufuli likagoma. Mkuu, hili nakusihi ulitazame leo leo. Nyumba zetu tumezizungushia nondo madirishani na milangoni kwa ajili ya wezi, na hewa ya bahari ya mji huu inakula chuma. Kufuli lisilofunguliwa mara kwa mara linashika kutu ndani wakati nje linang'aa. Moto ukianzia jikoni au maji yakiingia kwa mbele, hapo ndipo pa kutokea. Tia oili, lifungue kila wiki, na ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto anaufikia na mwizi akiwa nje ya dirisha haufikii.

Pawabenki ipimwe kwa simu yenyewe. Iliyoandikwa 20,000 mAh, ikiwa ya kweli, inapaswa kujaza simu yenye betri ya 5,000 mara mbili na nusu au zaidi kidogo. Haiwezi kufika mara nne kwa sababu umeme mwingine unapotea njiani. Ikijaza mara moja ikazimika, hayo maandishi ni ya uongo. Niliwahi kuuziwa ya namna hiyo Kariakoo, na niliirudisha kwa sababu niliipima risiti ikiwa bado mpya.

Mtungi wa kuzimia moto ndio pekee usioujaribu kwa kuupuliza. Ukiubonyeza hata kidogo, chembe za poda zinabaki kwenye vali na presha inatoka polepole mpaka inaisha. Angalia mshale uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, na uugeuzegeuze ili poda isigande chini. Ila mafunzo ya kuutumia yapo: siku ya kupeleka mtungi kujazwa upya, mwombe fundi mwende na familia nje, kila mmoja achomoe pini na kupuliza kidogo chini ya miale, si juu yake. Mtungi wa kilo moja unaisha kwa sekunde kama kumi tu, na mtu asiyewahi kuushika anazimaliza zote akipiga moshi. Namba ya Zimamoto, 114, waijue wote kwa kichwa.

Mfuko wa nyaraka: weka karatasi za chooni ndani, ufunge, uzamishe kwenye ndoo na jiwe juu, ulale. Asubuhi karatasi zitakwambia. Wetu ulipitisha maji kwenye kona ya zipu.

Vidonge vya maji soma pakiti, maana kipimo kinatofautiana. Vingi vya hapa kimoja ni cha ndoo ya lita 20, unasubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa kwanza. Yatengenezeni mapema mnywe nyumbani, kwa sababu watoto huikataa harufu ya klorini, na ni afadhali waizoee kabla ya kipindupindu kuanza kutajwa mtaani. Kumimina maji kutoka chombo safi kwenda kingine kunaipunguza. Ila maji yenye petroli au oili klorini haiyasaidii.

Jenereta liwashwe kila mwezi likiwa na mzigo halisi. Friji linapoanza linavuta umeme mwingi kuliko linapoendelea, na hapo ndipo dogo linapozimika. Petroli iliyokaa miezi inaharibika na kuziba kabureta, kwa hiyo ibadilishwe. Na hata mvua inyeshe vipi, lisiingizwe ndani wala kwenye korido, moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Lijengee kibanda cha bati kilichoachwa wazi pembeni, mbali na madirisha, kisha uvute waya wa kurefushia mwenyewe kutoka kibandani mpaka kwenye friji uone kama unafika.