"Let you go" si ruhusa ya kuwahi nyumbani

Juzi nilipokea ujumbe wa kijana mmoja aliyekuja Uingereza kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. "Shikamoo dada. Jana meneja kaniita ofisini, akaniambia kwa upole sana, 'I'm afraid we're going to have to let you go.' Nikajua kaniruhusu niwahi nyumbani, nikamshukuru. Leo nimefika, kadi haifungui mlango."

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. Kibarua kimeota nyasi na mwenyewe kasema asante! Tena kwa mwenye viza ya namna hiyo balaa ni mara mbili, maana mwajiri akishajitoa, Home Office, yaani wizara yao ya mambo ya ndani, kwa kawaida humpa mtu siku 60 tu apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini, la sivyo afungashe virago.

Basi leo naandika kwa ajili yenu mnaohangaika kupata kazi kwa Waingereza, na mnaoamini kwamba cheti cha mtihani wa Kiingereza kimemaliza kila kitu.

Mwingereza neno la kazi likiwa chungu hulipaka asali. Neno la kufukuzwa analo, "get the sack", na utalisikia watu wakinywa chai wakimsengenya aliyefukuzwa. Anayekufukuza wewe hatalitamka mbele yako. Atasema "let you go". Atasema "it's just not working out", yaani mambo hayaendi, na hapo hazungumzii mazoezi ya viungo, ingawa jirani yako anaye-"work out" kila alfajiri kweli yuko gym. Na mhasibu akikuambia "let me work out your hours", anapiga hesabu ya saa zako. Kitenzi ni kilekile, kinachokuumiza ni mazingira.

Kampuni ikipunguza watu utasikia "make you redundant". Hilo lishike, kwa sababu lina pesa ndani yake: aliyemfanyia kazi mwajiri mmoja miaka 2 mfululizo ana malipo yake kisheria. Ukiambiwa "let go" peke yake hujui uko kundi gani. Uliza, omba barua, kisha wapigie simu Acas, shirika linaloshauri watu kuhusu haki za kazini. Ushauri wao ni bure. Huyu kijana nimemwambia hivyohivyo.

Sasa nieleze yangu. Mimi nilikuja na Kiingereza cha kupigiwa makofi. Sekondari nzima Tanzania nimesoma kwa lugha hiyo, na insha zangu zilisomwa mbele ya darasa. Nikaajiriwa katika nyumba moja ya wazee kaskazini mwa England. Siku za mwanzo kabisa msimamizi akaniuliza, "You're not working tomorrow?" Nikajibu "Yes." Kwa Kiswahili nimejibu sawasawa: "Kesho hufanyi kazi?" "Ndiyo, sifanyi." Yeye akasikia kwamba naja. Kwao jibu linafuata kazi ipo au haipo, si kwamba muulizaji amepatia, mtu asiyekuja alitakiwa kusema "No, I'm not." Akaniandika kwenye rota, yaani ratiba ya zamu, mimi nikalala zangu.

Niliporudi alinisema wakati wa makabidhiano ya zamu, mbele ya wenzangu wote, polepole, neno moja moja, kama anayemsemesha mtoto mwenye usingizi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwenzangu mmoja, naye Mwafrika, alikuwa anatazama viatu vyake. Hadi leo basi likipita mtaa ule mimi hutazama upande wa pili.

Miaka iliyofuata naiacha, ilikuwa kuogesha, kulisha na kusubiri basi kwenye baridi. Leo rota naipanga mimi, mahali pengine. Mgeni akija simwulizi lile swali. Namwuliza, "Are you in tomorrow?"

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Hawa watu wakiwa kazini neno "work" hawalitaji sana. "Who's on tonight?" ni nani ana zamu usiku. "I'm in at seven" ni naingia saa moja. "She's off sick" ni anaumwa, hayupo. Na ukisikia "I'm off tomorrow", kesho mwenzako anapumzika, lakini akisema "I'm off" tupu huku anavaa koti, anaondoka sasa hivi, muage. Meneja akisema "you can knock off early", hapo ndipo umeruhusiwa kweli kuwahi nyumbani, na kazi yako iko palepale. Masikini mdogo wangu, hilo ndilo alilodhani amelisikia.

Sisi kitenzi tunakinyambua kwa ndani: fanya, fanyia, fanyisha. Wao hubandika kijineno nyuma, na kijineno hicho ndicho chenye maana. Mtu aliyesema "I work for him" ametaja bosi. "I work with him" ametaja mwenzake. Ukivichanganya mbele ya bosi mwenyewe, utaona nyusi zinapanda.

Ndugu zangu, acheni kukariri orodha za misemo mnazouziwa mitandaoni. Orodha haikuambii nani alisema, kwa sauti gani, na kilifuata nini. Nunua kijidaftari. Andika sentensi nzima, na pembeni andika aliyeisema na kilichotokea baadaye. Sentensi nzima! Nimesema na narudia, maana najua mtaandika neno moja moja tu halafu mnitumie ujumbe saa sita usiku. Mtu anayetaka kupanda cheo hasikilizi nusunusu. Mimi nilisikiliza nikiwa na hasira, lakini nilisikiliza.

Anzeni na maombi ya msimamizi, ndiyo yanayoponza wengi. "Would you mind covering Saturday?" anakuuliza kama utakerwa kushika zamu ya mtu Jumamosi, kwa hiyo anayekubali hujibu "No, not at all", na ukisema "Yes" kwa moyo mweupe umekataa. Na "Do you want to make a start on room six?" si swali la unapenda au hupendi. Ni amri. Chukua glavu, nenda chumba namba 6.