Babu haonekani kwenye rejista

SWALI: Cheti cha kifo cha babu kinataja umri wake. Nimepiga hesabu nikapata mwaka wa kuzaliwa, lakini rejista ya vizazi ya mwaka huo haina jina lake. Nifanyeje?

JIBU: Cheti cha kifo ni shahidi wa kifo, si wa kuzaliwa. Umri hutajwa na mtoa taarifa, pengine mkwe au jirani, na mwenyewe hayupo kumsahihisha. Tafuta miaka mitano nyuma na mitano mbele. Tazama pia vitabu vya miaka ya baadaye sana, maana aliyesajiliwa kwa kuchelewa anaweza kuwekwa kwenye mwaka wa usajili.

Cheti cha ndoa tunakiamini zaidi: umri aliutaja mwenyewe (ingawa wapo waliojipunguzia!), na mara nyingi jina la baba limo.

Kinachowaangusha wengi ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia, kisha aliyeandaa faharasa (orodha ya majina ya kutafutia) akasoma vibaya mwandiko wake. S ya zamani hugeuka L kirahisi. Tafuta kwa jina la kwanza na mahali, uache la ukoo. Ukipata, omba picha ya ukurasa wenyewe, na kama ni wa ndoa usome na majina ya mashahidi, kwani mara nyingi huwa ni ndugu.

Sensa nazo husaidia, ila majina hufichwa kwanza: Marekani kwa miaka 72, Uingereza 100.