Maswali ya Wasomaji: Kijiji Kikiingizwa Mjini

Kijiji chetu kiko pembezoni mwa manispaa. Mtendaji ametutangazia kuwa tumeshaingia mjini na mashamba yetu sasa ni mali ya halmashauri. Hatujawahi kuitwa mkutanoni. Ana haki? – Mkulima, Kanda ya Ziwa, Tanzania

Kabla ya kubishana naye, mwombeni namba ya Tangazo la Serikali analolitegemea. Watu husema "kuingia mjini" kana kwamba ni jambo moja, kumbe ni matatu, na kila moja lina karatasi yake.

Kuna mpaka wa utawala. Huu ukisogezwa, mwenyekiti wa kijiji anageuka mwenyekiti wa mtaa, ushuru na sheria ndogo zinakuwa za manispaa. Hapo mmebadilishiwa ofisi tu. Shamba halijapewa mtu mwingine.

Kuna kutangazwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Baada ya hapo huwezi kujenga au kukata viwanja unavyotaka, kwa kuwa mchoro wa mipango miji ndio utakaoongoza. Hapa ndipo maofisa wengi wanapoteleza: wakiona mchoro umepita, humwita mvamizi mtu aliyerithi shamba kwa babu yake. Mahakama ya Rufani, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1994 katika kesi ya Akonaay, ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kumnyang'anya mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba.

La tatu, ambalo ndilo zito, ni kuihawilisha ardhi ya kijiji, yaani kuihamisha iwe ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinampa Rais mamlaka hayo kwa manufaa ya umma. Diwani hana, meya hana, mkurugenzi hana. Kusudio lazima litangazwe kwenye Gazeti la Serikali na nakala ifike kwa halmashauri ya kijiji, likitaja eneo lilipo, ukubwa wake, sababu, na tarehe isiyopungua siku 90 tangu kutangazwa. Eneo likiwa chini ya hekta 250 (karibu ekari 618), mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, baada ya kupokea mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa mapendekezo, na Waziri wa Ardhi anaamua baada ya kuyazingatia. Na hakuna kuhawilisha kabla ya kukubaliana fidia ni ya aina gani, kiasi gani, italipwa vipi na lini.

Kwa hiyo, kama mkutano mkuu haukukaa na halmashauri ya kijiji haikupokea tangazo, huenda alichonacho mtendaji wenu ni karatasi ya mpaka, naye anaisoma kama hati ya shamba.

Fidia huhesabiwaje? Jirani yangu alilipwa nyumba na miembe tu. – Msomaji, Morogoro

Basi hakulipwa yote. Kanuni za fidia za 2001 zinataja thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, kisha maendelezo kama nyumba, mazao na miti, halafu posho. Posho ya usumbufu hutokana na wastani wa riba ya amana za benki za miezi 12. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi mara 36. Usafiri ni wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwenye biashara hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36, na hapa ndipo wengi wanapopoteza, kwa kuwa faida lazima ithibitishwe kwa hesabu. Duka lisilo na daftari huambulia patupu.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miti yako kabla mthamini hajafika, soma fomu kabla ya kusaini, ubaki na nakala. Malipo yakipita miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Uthamini ukipita miaka miwili bila kulipwa, unatakiwa kufanywa upya.

Ila kitu kimoja kisikuchanganye: shamba lako likipimwa viwanja vikabaki kwa jina lako, hilo halijatwaliwa, na hakuna fidia ya kupimiwa.

Sisi tunataka kuingia mjini, lakini kila mwaka tunaambiwa "bado iko kwenye vikao". Vikao vipi? – Mjumbe wa halmashauri ya kijiji

Ombi huanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likaenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kamati ya kudumu inayohusika, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI, wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwisho wa safari ni Gazeti la Serikali. Kama kijiji kiko halmashauri ya wilaya na mnataka kuhamia manispaa jirani, tarajieni mabaraza yote mawili kulijadili, na linalopoteza mapato halina haraka.

Mafaili hukwama kwa mambo madogo: muhtasari usio na orodha ya mahudhurio yenye sahihi, jina la kitongoji lililoandikwa tofauti kwenye kikao kimoja na kingine, mpaka ulioelezwa kwa "mti mkubwa hadi kwa mzee fulani" badala ya ramani yenye alama za mipaka. Kosa la kijijini likigunduliwa mkoani, faili linarudi chini kabisa. Ombeni kwa katibu wa kila kikao nakala ya muhtasari uliothibitishwa, ili mjue limelala wapi.

Madiwani walitoka nje kabla ya kura, waliobaki wakapitisha. Ni halali? – Msomaji, Tanga

Inategemea waliobaki walikuwa wangapi. Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, kwa mkutano wa kawaida imo kwenye Kanuni za Kudumu za halmashauri, ni nusu ya wajumbe wote, na neno "wote" ndilo la kushika. Chukua mji wenye kata 20 na wabunge wa majimbo wawili: hao 22. Viti maalum visipungue theluthi moja ya hao, yaani 8. Wajumbe ni 30, akidi ni 15. Mbunge aliye Dodoma bungeni bado yumo kwenye hiyo 30. Wakuu wa idara hawahesabiwi hata wakijaza ukumbi, wala mkurugenzi, ambaye ni katibu asiye na kura.

Wakibaki 15, hoja ya kawaida inapita kwa kura 8. Wakibaki 14, mjumbe yeyote asimame aombe wahesabiwe na idadi iandikwe kwenye muhtasari. Asiposimama mtu, muhtasari utaonyesha mahudhurio ya asubuhi, na kuyapinga baadaye ni kazi ngumu. Kumwondoa meya ni hesabu nyingine: theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 20 kati ya 30.

Na huku Kenya, akidi ni ipi, na mji ukipanda hadhi hatimiliki zetu zinakuwaje? – Msomaji, Nakuru

Akidi ya bunge la kaunti ni theluthi moja ya wajumbe wote. Nakuru, iliyopewa hati ya jiji Desemba 2021, haina meya wala madiwani. Ina bodi ya jiji iliyo chini ya kaunti. Hatimiliki yako haibadiliki kwa sababu mji umepanda hadhi.

Kamati ya mipango miji imekataa ombi langu la kubadilisha matumizi ya kiwanja. Ndiyo basi? – Msomaji, Arusha

Si lazima. Kwa kawaida kamati hupendekeza na baraza huamua, isipokuwa kwa mambo ambayo baraza limeikasimu kamati, yaani limeipa mamlaka ya kuamua. Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kasoro ni ya kurekebishika: barabara nyembamba, maegesho hayatoshi, majirani hawakushirikishwa. Rekebisha, kisha wasilisha tena mapema. Kamati hii hukaa kila baada ya miezi mitatu, na faili likifika ajenda zimeshafungwa, utasubiri robo nyingine.